Santuri za Jazz na Kumbukumbu za Dansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ninayoulizwa kila tunapokutana kusikiliza santuri, na yale yanayonifuata nyumbani kwa simu. Nimeyapanga kuanzia ya mwanzo kabisa hadi visa vigumu. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, nimekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

"Jazz" mnayoizungumzia ni ipi? Mbona nasikia magitaa tu?

Kwetu neno jazz lilikuwa jina la bendi ya dansi kabla halijawa jina la aina ya muziki. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Baadaye zikaja Morogoro Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, Nuta Jazz na Vijana Jazz. Kongo nako ni hivyo hivyo: African Jazz ya Grand Kallé mwaka 1953, O.K. Jazz ya Franco na wenzake mwaka 1956. Bendi iliyojiita Jazz ilikuwa inawaambia watu kwamba ina ala za kisasa, inapiga muziki wa mjini, na wacheza dansi waje wamevaa viatu.

Midundo yenyewe ilitoka pengi. Matarumbeta yalikuwepo Pwani tangu enzi za beni, ngoma zilizoiga bendi za kijeshi. Rumba na son za Kuba zilifika kwa santuri za mfululizo wa GV, zilizoanza kutolewa mwaka 1933, na vijana walizisikiliza mpaka wakazikariri bila kujua neno moja la Kihispania. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wengi walirudi wakiwa wameonja muziki wa kila namna. Vyote hivyo vikachanganywa na ngoma za nyumbani. Kwa hiyo ukisikia magitaa matatu yanazungumza, hujakosea mlango.

Basi jazz ya Marekani haina nafasi?

Inayo. Wapo wenzetu wanaokuja na Duke Ellington au John Coltrane chini ya kwapa, na huwa tunawapa zamu yao. Louis Armstrong mwenyewe alizuru Afrika mwaka 1960, na Léopoldville (sasa Kinshasa) walimbeba juu juu kwenye kiti kama chifu. Nampenda mno. Lakini santuri ya Armstrong ikipotea hapa Dar, nyingine ipo Chicago, Paris na Tokyo. Ya Kilwa Jazz ikivunjika huenda ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ndiyo maana muda wetu mwingi tunaupa muziki wa dansi, na karibu kila jibu lililobaki linauhusu huo.

Sina santuri hata moja. Naruhusiwa kuja?

Njoo. Nusu ya wanaokuja hawana, na baadhi yao ndio hazina kubwa kuliko sisi wenye makabati. Mama mmoja alikuja mikono mitupu, akasikiliza upande mmoja wa sahani ya Nuta Jazz, kisha akatueleza Amana, Ilala ilivyokuwa: meza zilipangwaje, nani alikuwa anakaa karibu na jukwaa, na kwamba wimbo huo ukumbini ulipigwa karibu robo saa wakati santuri inautoa kwa dakika nne. Hilo halimo kwenye kava lolote.

Kikao kinaendaje?

Kila mtu anapiga upande mmoja, au pande mbili kama wimbo umegawanywa. Kabla sindano haijashuka anataja bendi, mahali santuri ilipotoka na jinsi ilivyomfikia. Wimbo ukipigwa hatuzungumzi. Ukiisha, yeyote aliyewahi kuiona bendi hiyo ikipiga anasimulia, nasi tunarekodi kwa simu akiridhia. Basi.

## Kuijua santuri uliyonayo

Nitajuaje kama ni 78, 45 au LP?

Namba hizo ni mizunguko ya sahani kwa dakika. Anza na uzito na mlio. Sahani ya 78 ni nzito, na ukiigonga kidogo kwa kucha inalia kama sahani ya udongo, kwa sababu haikutengenezwa kwa plastiki bali kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ikianguka inapasuka. Ndogo ya inchi 7 kwa kawaida ni ya 45, na hiyo ndiyo iliyobeba muziki wa dansi kuliko zote. Kubwa ya inchi 12, nyepesi, inayopinda kidogo mkononi, ni LP ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika.

Mwimbaji akisikika mzito kama amelewa usingizi, unapiga 45 kwa kasi ya 33. Tusicheke, wageni wengi hufanya hivyo siku ya kwanza.

Naweza kupiga 78 kwenye pleya ya kawaida?

Mambo mawili lazima yawepo: kasi ya 78, ambayo pleya nyingi za kisasa hazina, na sindano yake. Mfereji wa 78 ni mpana. Sindano ya LP ina ncha ya takriban elfu moja ya inchi au chini yake, ya 78 ni karibu elfu tatu. Ukitumia nyembamba inazama hadi chini ya mfereji, inaokota vumbi na kukoroma, na inaharibika yenyewe. Huna sindano hiyo? Usijaribu. Ilete, tutaipiga.

Kwa nini wimbo unakatika katikati halafu unaendelea upande wa pili?

Upande mmoja wa 45 unachukua dakika tatu hadi tano hivi. Bendi zetu hazikuutunga muziki kwa kipimo hicho. Wimbo wa dansi una sehemu ya kuimba, polepole, hadithi inasimuliwa. Halafu inakuja chemko, magitaa yanashika kasi, saksafoni na tarumbeta zinaitikiana, watu wanacheza. Watayarishaji wakaweka hadithi upande wa kwanza na chemko upande wa pili.

Hii ina matokeo ambayo mgeni hayategemei. Tazama santuri kuukuu yoyote ya dansi: mara nyingi upande wa pili umekwaruzika kuliko wa kwanza. Ndio uliopigwa kwenye harusi. Mikwaruzo nayo inasema kitu.

Bendi ni ya Tanzania, mbona lebo inasema santuri imetengenezwa Kenya?

Kwa sababu Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi ilirekodi Dar es Salaam, katika studio za Radio Tanzania, au ilipanda basi hadi Nairobi, na kazi ya kufyatua ikafanyika huko. Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro Jazz, alitolewa na kampuni ya Polydor ya Nairobi. Mombasa, duka la Assanand lilikuwa na lebo yake ya Mzuri. Wengine walihamia kabisa: ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, na huko Nairobi jina la bendi yao, Simba Wanyika, likakua.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa, hadi 1983. Muziki haukusimama. Bendi za Dar zilikuwa katika miaka yao bora kabisa, Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 katikati ya hali hiyo, lakini njia ya kuelekea kwenye santuri ikawa nyembamba sana. Ukiona pengo kwenye kabati la mkusanyaji wa Dar kati ya miaka hiyo, sababu ni hiyo.

Wimbo ninaoukumbuka vizuri siupati kwenye santuri yoyote. Nimeota?

Hukuota. Nyimbo nyingi mno za dansi hazikuwahi kuwa santuri. Zilirekodiwa kwenye utepe Radio Tanzania Dar es Salaam, zikapigwa redioni miaka na miaka, na taifa zima likazijua kwa moyo bila hata mtu mmoja kuimiliki sahani yake. Utepe ulibaki kwenye maktaba ya redio. Baadhi zilikuja kutolewa nje miongo kadhaa baadaye kwenye CD za mkusanyiko, nyingine zimebaki kwenye kaseti ambazo watu walijirekodia nyumbani kutoka redioni, zenye sauti ya mtangazaji ikiingilia mwisho wa wimbo.

Kwa hiyo kaseti tunazipokea kwa mikono miwili. Usiifute hiyo sauti ya mtangazaji unapohamishia kwenye kompyuta. Mara nyingine ndiye pekee anayetaja jina la mtunzi.

Lebo imefutika au imechanika. Nitaitambuaje santuri?

Iinamishe chini ya taa. Katika eneo tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo kuna namba iliyochongwa au kupigwa muhuri. Iandike yote, na herufi zake, kwa pande zote mbili. Namba hiyo ilitolewa kiwandani na kwa kawaida inafuata mpangilio, kwa hiyo tukiwa na sahani nyingine za lebo hiyo hiyo tunaweza kuiweka jirani na ndugu zake.

Likishindikana hilo, tunatumia masikio ya wazee. Bendi nyingi zilikuwa na mtindo wenye jina: Western walikuwa saboso, Nuta ni msondo, Mlimani Park ni sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Mzee aliyecheza saboso anaitambua kwa gitaa la pili peke yake, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Nimeshuhudia mara nyingi, na bado nywele zinanisimama.

## Kuosha, kutunza, kuazimana

Nioshe kwa kitu gani?

LP na 45: maji safi yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari yanafaa mradi uhakikishe ni maji matupu na si tindikali, pamoja na tone moja la sabuni ya vyombo. Tumia kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Futa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikatize. Lebo isilowe. Suuza, simamisha, acha ikauke kivulini.

Usitumie spiriti kwenye 78. Nasema hivi kwa uchungu. Mjomba wangu aliniachia 78 tatu, na nilipokuwa kijana niliipaka mojawapo spiriti ya dukani ili ing'ae. Utomvu ukayeyuka. Ilitoka na sauti ya mvua juu ya bati, na hakuna mtu aliyewahi kuisikia tena ilivyokuwa. Zile mbili zilizobaki nazifuta kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu.

Naishi Pwani, joto na unyevu vinaniumiza. Nihifadhi vipi?

Zisimamishe kama vitabu, zisilale moja juu ya nyingine. Ziwe mbali na dirisha, na zisiguse ukuta wa nje unaotoa jasho. Mifuko ya nailoni inayobana sana hufungia unyevu ndani. Ya karatasi ni bora, na ikiota ukungu ibadilishe, usiifute na kuirudisha. Kava la zamani lisilofaa tena liweke kando lakini usilitupe, maana lina majina, anuani za maduka, na pengine mwandiko wa mwenyewe.

Ndani ya gari kwenye jua, hata dakika chache ni nyingi.

Imepinda. Imevunjika. Nitupe?

Iliyopinda: iweke katikati ya vioo viwili bapa, weka vitabu vizito juu, mahali penye joto la kawaida, uvumilie majuma kadhaa. Haitakuwa mpya ila mara nyingi itapigika. Usiipeleke karibu na moto wala pasi.

Iliyovunjika, kusanya vipande vyote kwenye bahasha moja. Namba bado inasomeka, lebo bado inasomeka (tazama swali la lebo iliyofutika), na picha yake inaweza kumsaidia mwingine kuijua yake.

Mnaazimana?

Siku hizi hapana, isipokuwa ndani ya chumba kile kile. Tulipoteza nyingi kwa "nitakurudishia Jumapili". Anayetaka kusikiliza nyumbani tunampa nakala ya sauti (kuhusu kuiweka hadharani, tazama swali la mtandaoni mwishoni mwa ukurasa huu). Kubadilishana moja kwa moja ni halali yenu ninyi wawili, ila andikeni, na kila mmoja amweleze mwenzake historia ya sahani anayoitoa.

## Kumbukumbu za ukumbini

Mimi si msimulizi mzuri. Nieleze nini hasa?

Usianze na "bendi ilikuwa nzuri sana". Anza na mlango. Kiingilio kilikuwa shilingi ngapi? Ulikwenda na nani, mkarudi kwa usafiri gani? Wanamuziki walivaa sare ya rangi gani? Nani alisimama mbele, nani alikuwa amekaa? Wimbo wa kufungua ulikuwa upi, na watu waliinuka kwenda kucheza saa ngapi? Nani alikwenda kumtunza mwimbaji, na pesa aliibandika wapi?

Mambo hayo madogo ndiyo santuri haina. Sahani imehifadhi sauti ya Mbaraka, lakini haikuhifadhi umbali kati yake na kipaza sauti, wala ukumbi unavyonyamaza anapoanza kupiga gitaa peke yake. Wanaokumbuka hilo walikuwa vijana kabla ya Januari 1979, alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa. Hesabu umri wao leo, utaelewa kwa nini nawasumbua watu kwa simu.

Sikumbuki mwaka. Nifanyeje?

Usibahatishe, tuupate pamoja kwa alama. Majina ya bendi yanatusaidia sana. Ukimwona Mbaraka na Morogoro Jazz, ni kabla hajaondoka mwaka 1973. Ukimwona na Super Volcano, ni baada ya hapo. Nuta Jazz ilianza 1964 ikiwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina bendi nayo ilibadilika: ikawa Juwata mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha OTTU katika miaka ya 1990, na leo ni Msondo Ngoma. Kumbe swali "mlikuwa mnaiitaje?" linatosha kukuweka ndani ya muongo sahihi.

Alama nyingine ni za maisha. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza? Ulikuwa umeshaolewa? Mtoto wa kwanza alikuwa tumboni au mgongoni? Kwa njia hii dada mmoja aliyekuwa anasema "zamani tu" alifikia mwezi.

Wazee wawili wanapingana. Tumwamini nani?

Kabla ya kuchagua, angalia kama huenda wote wako sahihi. Mfano ninaoupenda: ubishi kuhusu mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo. Mmoja anaapa alikuwa wa Msondo, mwingine wa Sikinde, wa tatu anasema alimwona kwa macho yake Orchestra Safari Sound. Wote wanasema kweli. Alikuwa Nuta tangu mwanzo, akawa Mlimani Park mwaka 1978, akahamia Safari Sound mwaka 1985, na baadaye akarudi Msondo. Wanamuziki wa Dar walihama, na kila shabiki aliwahifadhi pale alipowapendea.

Wasipopatana kabisa, tunaandika masimulizi yote mawili na jina la kila msimulizi kama ameridhia. Hatusuluhishi kwa kura, na hatumkatizi mzee kwa kumsomea simu.

Mama yangu alikuwa mcheza dansi hodari, lakini hataki kusimulia.

Swali hili linakuja mara nyingi kuliko unavyodhani, na karibu kila mara ni kuhusu mama au bibi, si baba. Mwanamke aliyekwenda dansi alisemwa. Wengine walikwenda kwa siri, wengine waliacha baada ya kuolewa, wengine walikutana ukumbini na mtu ambaye si baba yako. Ana haki ya kunyamaza.

Usimwekee simu mbele. Piga santuri nyumbani, endelea na kazi zako jikoni, usimtazame. Mama yangu mimi alinyamaza miaka. Siku moja nilikuwa napiga sahani ya Tabora Jazz, akapita na ndoo, miguu yake ikafanya hatua mbili ambazo sikuwahi kuziona, akaendelea na safari yake. Sikumuuliza. Jioni akaanza mwenyewe, na alichosimulia alisema kibaki ndani ya nyumba, kimebaki.

## Visa vigumu

Nimerithi boksi zima. Zina thamani gani?

Kuna wanunuzi, wengi wako Ulaya na Marekani, na Nairobi wapo wauzaji wanaojua kazi yao, pale Kenyatta Market kwa mfano. Bei inategemea bendi, hali ya sahani, na kama nakala nyingine zinaonekana. Santuri inayojulikana na kila mtu mara nyingi si ya bei kubwa, kwa sababu zilifyatuliwa nyingi. Ile bendi ya mkoani isiyotajwa na yeyote ndiyo inayogombewa.

Sikuzuii kuuza, ada ya shule haisubiri. Naomba mambo mawili kabla boksi halijaondoka: piga picha lebo za pande zote mbili, na turuhusu tuhamishe sauti. Na usiuze kwa kilo, wala kwa mtu anayekataa kukuachia muda wa kuzisikiliza.

Naweza kurekodi santuri yangu na kuiweka mtandaoni?

Kuhamisha sauti kwa ajili ya kuhifadhi tunakuhimiza: tumia amplifaya yenye sehemu maalumu ya pleya, rekodi katika faili kamili lisilobanwa, na usiondoe mikwaruzo kwenye nakala ya kwanza. Safisha nakala ya pili ukitaka.

Kuweka hadharani ni jambo jingine. Kumiliki sahani si kumiliki wimbo. Kwa sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya 1999, na ya Kenya ya 2001, haki ya mtunzi haifi naye. Inaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Mbaraka alifariki 1979, piga hesabu. Ofisi za hakimiliki ndizo zinazosimamia: COSOTA upande wa Tanzania, KECOBO upande wa Kenya. Wapo wanaoweka bila kuuliza, na nakiri nimefaidika na kazi yao, lakini sisi tunaweka vipande vifupi tu na majina kamili ya waliohusika kadiri tunavyoyajua.

Mtoto wa mwanamuziki anaomba nakala ya wimbo wa baba yake. Anatozwa?

Hatozwi kitu. Anapewa nakala bora kuliko zote tulizonazo, picha za lebo, na masimulizi yote yanayomtaja baba yake, yale ambayo wasimulizi wameruhusu. Imetokea mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa kijana aliyezaliwa baba yake akiwa ameshaacha muziki, hajawahi kumsikia akiimba. Tulimwachia chumba, tukafunga mlango, tukakaa nje barazani mpaka upande wa pili ulipoisha.